Posho ya Ulemavu na Mpaka wa Umri: Mageuzi ya Uingereza na Hali ya Wazee



Mageuzi ya posho za ulemavu nchini Uingereza aghalabu hujadiliwa kwa upande wa watu wa makamo, kwa hoja ya nani awezaye kufanya kazi na nani asiyeweza. Ama wazee, ambao kazi wamekwisha kuiaga, hutajwa kwa uchache, kana kwamba mambo hayo yaliwapitia mbali. Muradi wangu ni kubainisha kwamba yaliwapata, na kwamba kilichowagawa si kadiri ya udhaifu wao, bali tarehe ya kuzaliwa kwao.

Posho ya uangalizi ilianzishwa mwaka 1971, na posho ya mwendo mwaka 1976. Hata ulipofika mwaka 1992, walioomba kabla ya kutimiza miaka 65 wakawekewa posho moja yenye mafungu mawili, la uangalizi na la mwendo, ilhali aliyepatwa na ulemavu baada ya umri huo aliachiwa posho kongwe ya uangalizi, ambayo ndani yake hamna fungu la mwendo. Basi aliyekatwa mguu akiwa na miaka 63 aliweza kulipwa kwa ajili ya kutotembea kwake, na jirani yake aliyekatwa wa kwake akiwa na miaka 67 hakuweza. Sheria ilihesabu kwamba kuchoka kwa miguu ya shaibu ni ada ya maumbile. Ni tabibu gani aliyeulizwa katika hilo, si rahisi kukisia.

Sheria ya mwaka 2012 ikaleta posho mpya, na tarehe 8 Aprili 2013 ndiyo iliyofanywa mpaka. Waliokwisha kutimiza miaka 65 siku hiyo walibaki katika posho yao ya zamani. Waliozaliwa baada ya tarehe 8 Aprili 1948 walitakiwa kuomba upya, hata kama barua ya kuwaita iliwafikia wakiwa wastaafu tayari.

Na kipimo nacho kilikuwa kimebadilika. Hapo kale, mita 50 ndizo zilizozoeleka kuwa alama ya mtu ambaye ni kama hawezi kutembea. Katika posho mpya daraja ya juu ya mwendo hutaka alama 12, na kwa hesabu ya miguu peke yake alama hizo hazipatikani ila kwa asiyeweza kuvuka mita 20. Mtu afikaye mita 30 hupewa alama 8, au 10 akiwa anatumia kifaa cha kumsaidia, naye huangukia daraja ya chini. Kwa mzee mwenye baridi yabisi, aliyekuwa akikodi gari la mpango wa Motability kwa posho yake, tofauti ya mita hizo chache maana yake ni kurudisha funguo. Kweli, kanuni zinataka mwendo huo uwe wa salama, wa kurudiwa kila inapohitajika na usiochukua muda kupita kiasi. Lakini wazee wengi, kwa haya au kwa fahari ya ujanani, wakiulizwa kama waweza kufika mlangoni hujibu kwamba waweza, wasitaje maumivu wala kupumzika njiani.

Lililo zito zaidi ni kwamba, mtu akishafika umri wa kustaafu, ambao tangu 2020 umekuwa miaka 66 na sasa unapandishwa kuelekea 67, fungu la mwendo la daraja ya chini haliwezi tena kupandishwa kwa sababu ya kuzidiwa kulikotokea baadaye. Yule wa mita 30 akifikia kutoweza hata mita 10, atabaki pale pale.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba wastaafu hawatasumbuliwa tena kwa kupimwa mara kwa mara, na kwamba mapitio yao yatakuwa mepesi, kila baada ya miaka 10. Tahafifu hiyo ilistahili kupokelewa kwa shukrani, madhali fomu zile ni taklifu kubwa kwa mtu mwenye macho hafifu na mkono unaotetemeka. Hata hivyo iliondoa usumbufu, haikugusa kanuni: fungu la uangalizi mzee aweza kuliombea nyongeza wakati wowote hali yake ikizidi, bali la mwendo hana mlango wa kulibishia.