Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wageni Wanaojitolea na Nyumba ya Familia



Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hao hao wakanena pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Methali hizi zikisomwa pamoja zinafundisha namna ya kuyapokea makundi ya watu wanaovuka bahari, kwa wiki moja au mbili, ili kujenga nyumba ya familia ambayo hawakuwahi kuiona. Ya kwanza yafungua mlango. Ya pili yakumbusha kwamba mwenye shamba ndiye mwenye jembe, na ndiye anayejua palimwe wapi.

Wengi hudhani kwamba kazi ya namna hii ilibuniwa Ulaya au Marekani, kisha ikaletwa Afrika kama msaada. Historia yaeleza vingine. Millard Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara kutoka jimbo la Alabama, Marekani, aliyetajirika angali kijana. Yeye na mkewe, Linda, waliamua kuuacha utajiri huo, wakajiunga na jumuiya ya wakulima ya Koinonia, jimboni Georgia, iliyokuwa ikiwajengea nyumba majirani maskini. Mwaka 1973 walihamia Mbandaka, mji ulio kando ya Mto Kongo, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Huko, kwa miaka mitatu, walijenga pamoja na wenyeji. Uwanja waliojengea ulikuwa, zama za ukoloni, mpaka wa kuwatenga wazungu na Waafrika.

Waliporejea Marekani mwaka 1976, ndipo wakaanzisha shirika la Habitat for Humanity. Mwaka 1984 Rais mstaafu Jimmy Carter alijiunga nalo kwa kushika nyundo mwenyewe jijini New York, na mwaka 1986 shirika hilo likaanza kazi Tanzania. Kwa hiyo somo lililojaribiwa kando ya Mto Kongo ndilo lililosambaa duniani.

Kiini cha somo hilo hakikuwa huruma. Familia inayojengewa hutoa jasho lake katika ujenzi. Kisha hurejesha gharama kidogo kidogo bila riba, na marejesho hayo hujenga nyumba ya jirani. Mgeni huja kuongeza nguvu katika kazi ambayo tayari ina mwenyewe.

Kwa Wasukuma, jambo hili si geni. Tangu enzi za mababu, vijana walikusanyika chini ya nsumba ntale, kiongozi wao, wakafanya kwa pamoja kazi nzito ambazo kaya moja isingeziweza, na mwenye kazi akawaandalia chakula. Aliyesaidiwa leo alijua kwamba kesho zamu ni ya mwenziwe. Kijiji chenye utaratibu huo humpokea mgeni na kumpangia kazi. Kijiji kisichokuwa nao hubaki kumtazama mgeni akipiga picha.

Basi ni kipi kinachopaswa kuwa tayari kabla gari la wageni halijafika?

Kwanza ni fundi. Wengi wa wanaojitolea ni walimu, wanafunzi, wauguzi au wastaafu. Hawajawahi kushika mwiko wala timazi. Mikono yao yafaa kuchekecha mchanga, kuteka maji, kuchanganya udongo na kupokezana matofali. Lakini kupima msingi, kupanga kona, kumwaga linta na kuinua kenchi ni kazi ya fundi wa mahali, naye alipwe ujira wake kamili. Kazi ya bure ya mgeni ikimnyima kijana wa kata mkate wake, nyumba moja imepatikana na kaya nyingine imepungukiwa. Tena fundi huyo ndiye ajuaye kwamba udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukapasua na ukuta uliosimama juu yake. Mgeni hawezi kuusoma udongo huo kwa macho.

Pili ni tofali. Tofali la kuchoma hula kuni nyingi, na Mkoa wa Shinyanga waijua gharama ya kupoteza miti. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao kwa kufufua desturi ya ngitili uliwawezesha wananchi kurejesha misitu katika maeneo makubwa, na mwaka 2002 ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nyumba ya hisani isijengwe kwa kuuchoma urithi huo. Tofali la udongo na saruji linaloshindiliwa kwa mashine hukomazwa kwa kumwagiwa maji na kufunikwa, wala halihitaji tanuru.

Tatu ni moshi. Katika Usukuma, macho mekundu ya bibi kizee yamepata kuwa hukumu ya kifo, kwa kudhaniwa kuwa ni alama ya uchawi, ilhali chanzo ni moshi wa miaka mingi jikoni. Shirika la HelpAge International na mashirika ya wenyeji, yakiwamo ya Magu, yalilijibu janga hilo kwa elimu, kwa kuwajengea wazee nyumba na kwa majiko banifu. Hapo ndipo ionekanapo tofauti kati ya nyumba ya kupendeza na nyumba ya kuokoa: dirisha la jikoni, dohani, mlango wenye komeo imara, choo kilicho karibu.

Nne ni ardhi. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, mkulima aweza kuwa na haki ya kulima juu, huku leseni ya madini yaliyo chini ikiwa ya mwingine. Aidha, maduara ya zamani ya wachimbaji wadogo yaweza kudhoofisha kiwanja kisichokaguliwa. Ofisi ya kijiji na afisa ardhi waulizwe kabla ya kuchimba msingi. Hati ya hakimiliki ya kimila, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, yaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke. Jambo hili lisiahirishwe. Mjane aliyejengewa nyumba pasipo hati aweza kufukuzwa na ndugu wa marehemu kabla lipu haijakauka, na wageni watakuwa wamejenga nyumba ya shemeji.

Tano ni sheria za uhamiaji. Kujitolea si utalii. Kundi liwe na vibali vinavyostahili, nalo lijulikane kwa mtendaji, kwa halmashauri ya kijiji na kwa mkutano mkuu wa kijiji, ambao ndio mahali halali pa kuamua ni familia ipi itangulie. Mtoto wala mzee asipigwe picha kabla ya ridhaa kutolewa.

Pengine patatokea mwenye kuuliza: nauli ya ndege isingetumwa tu ikanunua bati? Swali hilo ni la haki, na kundi lolote linalokuja laweza kuulizwa limechangia kiasi gani cha vifaa na cha ujira wa mafundi. Likijibu waziwazi, likaribishwe. Wiki mbili zitapita, wageni watapanda gari lao, na mvua ya kwanza ya masika itanyesha juu ya bati jipya. Usiku huo atakayeulinda ukuta ni fundi aliyepima msingi, jirani aliyeteka maji, na hati iliyofungiwa sandukuni yenye jina la mama mwenye nyumba.