Mwigizaji Apewe, Mwandishi Adaiwe

 

Jumamosi iliyopita nilipita Manibe, huku kwetu West Nile, nikaingia kwenye kibanda cha video. Mpira ulikuwa umekwisha, na mwenye kibanda, ili wateja wasitawanyike, akaweka filamu ya zamani. Ilipomalizika hakuna aliyeinuka. Ubishi ukawaka pale pale kwenye mabenchi: huyu mtu alistahili Oscar, au alipendelewa?

Filamu yenyewe ni The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyopigwa hapa hapa Uganda chini ya mwongozaji Kevin Macdonald. Aliyeigiza Idi Amin ni Mmarekani, Forest Whitaker. Tarehe 25 Februari 2007 akatunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Miongoni mwa aliowashinda ni mkongwe Peter O'Toole, ambaye hiyo ilikuwa mara yake ya nane kuteuliwa na mara ya nane kurudi mikono mitupu. Wapo ng'ambo wanaolalamika mpaka leo kwamba mzee wa watu alidhulumiwa.

Pale Manibe hakuna aliyemjua O'Toole. Wao walikuwa na mizani yao. Mzee mmoja, askari mstaafu, alikohoa kwanza, kisha akasema: "Kiswahili chake ni cha kufundishwa. Lakini kicheko kile, wallahi, ni chenyewe." Kibanda kizima kikacheka.

Sikio la namna hiyo, wasikilizaji, waliopiga kura kule Marekani hawakuwa nalo. Huku kwetu Kiswahili kiliingia kwa mlango wa kambi. Jeshi la King's African Rifles, alimojiunga Amin mwaka 1946, liliamrishwa kwa Kiswahili, na babu zetu wengi walirudi nacho nyumbani. Mwaka 1973 Amin mwenyewe akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Whitaker alijifunza lugha hiyo ukubwani kwa ajili ya filamu moja, akajifunza na kupiga akodiani, mpaka askari aliyeishi zama zile akamkubalia kicheko. Mimi nasema apewe. Oscar ile ilikwenda kwa mwenyewe.

Ila mwaka ule filamu hii ilizoa na tuzo nyingine. Uingereza, waandaaji wa BAFTA waliipa tuzo ya mswada bora uliotokana na kitabu, maana hadithi ilitoka katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Hiyo ndiyo tuzo ninayoipinga, na sababu yangu ni mwanamke mmoja.

Kay Adroa alikuwa binti wa mchungaji, mtoto wa West Nile hii hii, msomi wa Makerere, aliyeolewa na Amin. Machi 1974 Amin aliwaacha wake zake watatu kwa mpigo, Malyamu, Nora na Kay, na talaka zao zikatangazwa Radio Uganda. Sisi watu wa redio tulikumbuke hilo kila tunapowasha kipaza sauti. Agosti mwaka uleule Kay alikutwa amekufa, mwili umekatwa viungo. Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, alisimulia mkasa huo katika kitabu chake cha mwaka 1977, na akamtaja daktari Mganda aliyekuwa na uhusiano na Kay, Mbalu-Mukasa, ambaye alijiua siku hizohizo. Ubishi juu ya nani aliukata ule mwili haujaisha.

Sasa tazameni filamu ilivyofanya. Daktari Mganda hayumo. Mahali pake amewekwa kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, mtu wa kubuniwa, naye ndiye anayependwa na Kay. Kay anakufa ili sisi tumwonee huruma Garrigan. Msiba umetolewa nyumbani kwa wenyewe, ukapelekwa kwa mgeni.

Kijana mmoja wa bodaboda alinibishia: "Filamu ni filamu, bwana. Anayetaka historia aende shule." Nusu ya neno lake ni kweli. Mwandishi ana ruhusa ya kubuni. Garrigan wambuni watakavyo, wamvishe na kumvua, kwani hana kaburi. Kay analo. Ukilichukua jina la marehemu wa watu, pamoja na kifo chake, umekopa, na mkopaji hapewi zawadi kabla hajalipa.

Tena tuzo zina tabia ya kumfuata mtu mkubwa. Amin amekwisha kuigizwa mara nyingi. Mwaka 1981 Mkenya Joseph Olita alimwigiza katika filamu iliyopigwa Kenya. Mwaka huohuo, tarehe 24 Juni, askari wa serikali waliingia katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, si mbali na hapa, wakaua raia waliokimbilia pale kujisitiri. Watu wa West Nile walilipishwa kwa jina la Amin, mtu aliyekwisha kukimbia nchi. Filamu kubwa ya Ombaci mimi sijaiona.

Hata hivyo mambo yameanza kugeuka. Mwaka 2024 filamu ya kumbukumbu juu ya Bobi Wine iliteuliwa kuwania Oscar, na mmoja wa waongozaji wake wawili, Moses Bwayo, ni Mganda. Ushindi ulikwenda kwa filamu ya vita vya Ukraine, lakini safari hii kamera ilikuwa mkononi mwa mwenyeji.

Basi kamera ikija hapa Arua siku moja, tusikimbilie kuuliza nani ataigiza Amin. Tuulize nani ataigiza Kay, na kama aliyeandika amekwenda kwanza kuketi na ndugu zake.

Hayo ni maoni yangu. Ya kwenu nayasubiri kwenye simu.