Betri Moja Ikifa: Ibadilishwe Hiyo Moja au Seti Nzima?

*Mada ya elimu kwa umma kwa vikundi vya vijana, madereva wa bodaboda na bajaji, pamoja na mafundi wa Kata ya Masukulu*



Mada hii inahusu swali moja linaloweza kukiinua kikundi au kukifilisi. Chombo cha umeme kimenunuliwa kwa mkopo. Kimefanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, kisha kinaanza kuishiwa nguvu katikati ya mlima. Fundi anapima na kusema, "Betri moja imekufa." Je, inunuliwe hiyo moja, au zibadilishwe zote? Marejesho ya mkopo hayasubiri jibu.

Kwanza ieleweke betri yenyewe. Zipo bajaji za umeme za bei nafuu zinazotumia betri tano za risasi na tindikali, kila moja ya volti 12, zilizofungwa kwa mfuatano ili kutoa volti 60. Ndani ya kila betri mna vyumba sita vya takribani volti mbili. Betri za lithiamu nazo huundwa kwa seli ndogo zinazofuatana. Betri ya pikipiki ya volti 72, mathalani, inaweza kuwa na hatua 20 za seli zenye volti 3.6. Kwenye magari makubwa seli hukusanywa katika mafungu yaitwayo moduli. Nissan Leaf ya toleo la kwanza ina moduli 48, kila moja yenye seli nne. Toyota Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28. Kwa hiyo kinachoitwa "betri" ni msafara, wala si kitu kimoja.

Msafara huo unafanana na watu wanaombeba mgonjwa kwa machela kuteremka bondeni. Mmoja akichoka, machela hutuliwa chini, hata kama wenzake wangali na nguvu za kufika zahanati. Vivyo hivyo, katika betri zilizofungwa kwa mfuatano, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua safari iishie wapi.

Hapo ndipo hoja ya kubadilisha moja inapopata nguvu. Tuseme betri tano zilikuwa na uwezo wa 100 zilipokuwa mpya. Leo nne zimebaki na 90, na moja imeshuka hadi 50. Msafara wote unatoa 50 tu. Ikiondolewa hiyo moja na kuwekwa nzima, safari inarudi hadi 90. Kwa bei ya betri moja, chombo kimerudi barabarani. Kutupa nne zilizo hai kwa sababu ya moja iliyokufa ni kutupa mali.

Lakini tuchukue hali nyingine. Betri nne zimezeeka na kubaki na 60. Ya tano imekufa. Ikiwekwa mpya yenye 100, msafara unatoa 60, na 40 za ile mpya hazitumiki kamwe. Kibaya zaidi hutokea wakati wa kuchaji. Umeme uleule hupita katika zote tano. Zilizozeeka hujaa mapema na kuanza kuchemka, ilhali ile mpya bado haijashiba. Chaja hupima jumla, hudhani kazi imekwisha, na kukata. Siku baada ya siku betri mpya hubaki na njaa, na betri ya risasi isiyojazwa vizuri huharibika upesi. Baada ya miezi michache inakufa ya pili, kisha ya tatu. Mwisho wa yote kikundi kimenunua betri tano kwa bei ya tano, kimepoteza siku tano au zaidi za kazi, na bado hakijapata seti moja yenye umri sawa. Mafundi wa Prius katika nchi nyingi wanaifahamu hali hii: moduli moja hubadilishwa, gari huondoka likiwa zima, kisha hurudi kwa ugonjwa uleule katika moduli nyingine.

Uamuzi, basi, haufuati bei ya siku hiyo, bali hufuata vipimo. Betri zote zichajiwe hadi zijae, zipumzishwe saa kadhaa, kisha kila moja ipimwe peke yake. Betri nzima ya risasi huonyesha takribani volti 12.7. Inayoonyesha karibu 10.5 ilhali wenzake wako juu huenda ina chumba kimoja kilichokufa kati ya sita. Kipimo cha pili kifanyike chombo kikiwa kinavuta mzigo, kwa kuwa betri nyingi huonekana nzima zikiwa zimepumzika na huanguka zikifanya kazi. Wilaya hii inajua maana ya mlima: Kyela iko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, Tukuyu imevuka mita 1,500. Udhaifu unaofichika kwenye tambarare hufichuka kwenye mwinuko.

Vipimo hivyo vikionyesha kuwa nne zinalingana, ni changa, na moja tu iko mbali na wenzake, ibadilishwe moja. Iwe ya aina ileile na ukubwa uleule, na ijazwe peke yake kabla ya kuunganishwa na nyingine. Zikiwa mbili zimekufa, au zote zimeshuka pamoja, inunuliwe seti nzima. Zile za zamani zilizo bora zaweza kuwasha taa nyumbani.

Kabla ya yote, zikaguliwe nyaya na viungo. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu huo huzaa kutu. Kiungo kilicholegea au kuota kutu huzuia umeme na hupata joto, na dereva hudhani betri imekufa. Kusafisha na kukaza kunaweza kuokoa fedha ya betri nzima.

Kwa lithiamu, tahadhari ni kubwa zaidi. Seli zake mara nyingi zimechomelewa, na zinalindwa na kifaa cha kielektroniki kinachosawazisha chaji. Hitilafu ya mkono au seli zisizolingana zaweza kuwasha moto usiozimika kirahisi. Betri ya lithiamu isifunguliwe uani wala chini ya mwembe. Ipelekwe kwa fundi aliyefunzwa na mwenye vifaa.

Majirani wamelijibu swali hili kwa njia nyingine. Mjini Kigali, tangu 2019, kampuni ya Ampersand huwaachia madereva wa pikipiki wabadilishane betri vituoni: iliyoisha hukabidhiwa, iliyojaa huchukuliwa. Dereva hamiliki betri, hivyo ugonjwa wa seli ni mzigo wa kampuni. Jijini Nairobi, BasiGo hukodisha betri za mabasi kwa malipo ya kila kilomita. Mpango huo huhitaji vituo vya karibu. Pasipo kituo, mwenye chombo ndiye mwenye betri, na lazima ajue namna ya kuitunza.

Kwa sababu hiyo, kikundi kinachokusudia kuomba mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri kwa ajili ya chombo cha umeme kimuulize muuzaji maswali manne kabla ya kusaini. Dhamana ya betri ni ya muda gani, na imeandikwa? Moduli moja inaweza kubadilishwa, au muuzaji huuza betri nzima tu? Fundi aliye karibu yuko wapi? Bei ya seti mpya ni kiasi gani leo? Bei hiyo iingizwe kwenye andiko la mradi, na sehemu ya mapato ya kila wiki iwekwe akiba kwa ajili yake. Betri itakufa, kisichojulikana ni siku tu.

Mwisho ni betri iliyokufa. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na tindikali huunguza. Maji ya wilaya hii huteremka kwa Kiwira na Mbaka hadi Ziwa Nyasa. Kinachomwagwa mtoni hapa hunywewa na wengine kule chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazihesabu taka za namna hii kuwa hatarishi. Betri isipasuliwe, isichomwe, isifukiwe shambani. Ihifadhiwe pakavu, ikiwa imesimama, kisha ikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Risasi yake huyeyushwa na kutumika tena, hivyo hata ikifa ina thamani.

Pima kwanza, nunua baadaye.