Mwenza Naye Afundishwe: Kazi ya Mume au Mke Katika Upasuaji wa Kufungua Kifua

Karatasi anayopewa mgonjwa siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kufunguliwa kifua huwa na sharti moja linaloonekana dogo: kwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine hata 12, asinyanyue kitu kinachozidi kilo 4 au 5. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja anakaribia kilo 9 au 10. Kusonga ugali wa watu sita hakuna mizani yake, lakini mwiko ule unauvuta mfupa uleule wa kifua ambao daktari ameupasua kwa msumeno na kuufunga kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Ukilisoma vizuri sharti lile, utaona limempangia kazi mtu mwingine aliyeko nyumbani, na mara nyingi mtu huyo hakuitwa ndani kusomewa.

Mada hii inamhusu huyo wa pili. Hoja yake ni moja: kumsaidia mwenza anayefanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo ni ujuzi. Mapenzi yanausukuma, lakini peke yake hayatoshi. Ujuzi huo unafundishika, na hospitali inayomfundisha mgonjwa huku mwenza wake akisubiri kwenye benchi la nje imeacha nusu ya tiba getini.

Kwa Tanzania, jambo hili limesogea karibu miaka ya hivi karibuni tu. Upasuaji wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanza kusimama yenyewe palepale. Zamani wagonjwa wa aina hii walikuwa wakipelekwa India, na mke au mume aliyebaki nyumbani aliuguza kwa simu. Leo anaweza kukaa mlango wa pili kutoka chumba cha upasuaji. Lakini kukaa karibu peke yake hakumfundishi mtu la kufanya.

Kwamba mwenza ana uzito katika kupona, ushahidi upo. Kathleen King na Harry Reis wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walifuatilia watu 225 waliopandikizwa mishipa ya moyo kati ya mwaka 1987 na 1990. Miaka 15 baadaye, waliokuwa na ndoa wakati wa upasuaji walikuwa na nafasi ya kuwa hai mara 2.5 kuliko wasio na ndoa. Waliokuwa wakiridhika sana na ndoa zao, mara 3.2 kuliko walioridhika kidogo. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kuitazama kwa makini, maana inadokeza kwamba cheti cha ndoa hakitibu. Kinachosaidia ni yale yanayotendeka humo ndani. Kabla yao, mwaka 1989, watafiti James Kulik na Heike Mahler walikuwa wameangalia wanaume waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyohiyo. Waliotembelewa zaidi na wake zao wodini walihitaji dawa chache za maumivu na waliruhusiwa mapema zaidi.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu suala hili inamchora mwanamume wa makamo mwenye mishipa iliyoziba, akiuguzwa na mkewe. Kwetu picha mara nyingi imepinduka. Uchunguzi mkubwa uitwao REMEDY, uliokusanya wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki katika nchi 14, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, ulikuta nusu yao wana miaka 28 au chini ya hapo, na takriban theluthi mbili ni wanawake. Ugonjwa huo huanza na maambukizi ya koo utotoni ambayo hayakutibiwa ipasavyo. Kinga ya mwili inachanganyikiwa na kuanza kushambulia valvu za moyo. Miaka inapita, kisha mama kijana anajikuta hawezi kupanda kilima na mzigo wake, au anabanwa na pumzi akiwa mjamzito. Anayehitaji kufundishwa kuuguza, basi, mara nyingi ni mume. Na huyo mume huenda hajawahi kusonga ugali.

Kazi yake inaanza kabla ya kisu, na inaanza na kuambiwa ukweli. Wapo wagonjwa wanaoficha. Mwigizaji wa filamu Arnold Schwarzenegger alipotakiwa kufanyiwa upasuaji wa valvu mwaka 1997, mkewe Maria Shriver alikuwa mjamzito, na Arnold ameeleza mwenyewe baadaye jinsi alivyokusudia kulifanya jambo hilo kimyakimya bila mkewe kujua. Mtu anaweza kucheka, lakini ni mara ngapi baba wa familia wa Morogoro au Mombasa ameaga kuwa anakwenda safari ya kikazi, kumbe anakwenda kupimwa moyo? Kwa upande mwingine wako ndugu wanaomficha mgonjwa. Njia zote mbili zinamnyima mwenza nafasi ya kuuliza, na maswali ya wakati huu ni mazito.

Zito kuliko yote kwa wanandoa vijana ni la aina ya valvu. Valvu ya chuma hudumu miaka mingi, ila anayewekewa atameza dawa ya kulainisha damu, wafarini, maisha yake yote. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo. Valvu iliyotengenezwa kwa tishu ya mnyama kwa kawaida haihitaji wafarini ya kudumu, lakini kwa mtu kijana huchakaa mapema, na hapo kifua kitafunguliwa tena. Kwa maneno mengine, swali la valvu ni swali la watoto. Watajaribu kupata mwingine? Lini? Nani atakabiliana na mama mkwe anayeuliza kila sikukuu? Daktari akilijadili hilo na mgonjwa peke yake, au na shemeji aliyeshika fomu ya ridhaa, amemwacha nje mmoja wa wahusika wakuu wawili.

Hili la shemeji si la kubuni. Muuguzi anatoka mlangoni, anaita, "Ndugu wa mgonjwa!" Wanasimama watano. Anayesonga mbele ni kaka mkubwa, au mjomba mwenye gari, na mke anabaki nyuma ameshika chupa ya uji. Hakuna ubaya katika ukoo kujitokeza. Bila ukoo nani angechangia damu? Lakini maelezo ya dawa, ya kidonda na ya chakula yanatakiwa yamfikie atakayelala nyumba moja na mgonjwa.

Siku yenyewe ya upasuaji hakuna mengi ya kufanya zaidi ya kusubiri. Upasuaji wa muda wa saa 3 hadi 6 ni kawaida, na kazi ngumu huzidi hapo. Kwa sehemu ya muda huo, kwa kawaida moyo huwa umesimamishwa na damu inazungushwa na mashine ya moyo na mapafu. Wanaosubiri nje pengine wangependa kujua kwamba mashine hiyo yenyewe ilizaliwa katika ndoa. John Gibbon, daktari Mmarekani, alianza kuihangaikia Boston miaka ya 1930 akiwa na mkewe Mary, fundi wa maabara. Walifanyia majaribio paka, na wengine Gibbon aliwakamata mwenyewe mitaani usiku kwa chambo cha samaki. Mwaka 1935 waliweza kumweka paka hai huku mashine ikifanya kazi ya moyo wake. Mei 6, 1953, huko Philadelphia, ikamwezesha msichana wa miaka 18 kuzibwa tundu la moyo. Kwa dakika 26 ilibeba kazi yote.

Mwenza akishaingizwa chumba cha uangalizi maalumu, aliyoyazoea yanamtoka. Mgonjwa amevimba uso, mwili una baridi, mrija umo kinywani na hawezi kusema, mirija mingine inatoa maji ya damu kifuani, mashine zinalia. Asiyeandaliwa hupiga yowe au huzimia, na wauguzi wanapata wagonjwa wawili. Dakika kumi za maelezo siku moja kabla, hata kwa picha, zingetosha.

Wazee wengine huchanganyikiwa siku za mwanzo: wanaona watu ambao hawapo, wanataka kung'oa mirija, wanamtukana binti yao. Familia nyingi hudhani ni mashetani au kichaa. Ni hali inayojulikana baada ya upasuaji mkubwa na kwa kawaida hupita, na mwenza ndiye dawa yake nzuri. Amwambie leo ni siku gani, yuko wapi, ameshafanyiwa nini, amrudishie miwani yake, asibishane naye.

Kisha nyumbani, na hapa ndipo penye shughuli.

Hofu ya wiki za mwanzo hugeuka haraka kuwa ulinzi. Mgonjwa anashikwa kama yai: asiende chooni peke yake, asitembee hadi kwa jirani, hata asifunge vifungo vya shati. Anayefanya hivyo anajiona anapenda. Kumbe kutembea, dakika chache kwanza kisha zaidi kila siku, ni sehemu ya matibabu. Kukohoa pia, akiwa amekumbatia mto kifuani ili mshono usitikisike, ndiko kunakosafisha mapafu. Mwaka 1985 kundi la watafiti wa Stanford, akiwemo Albert Bandura, lilijaribu jambo la werevu kwa wanaume waliopata shambulio la moyo wiki tatu nyuma. Wanaume hao walipimwa kwa mazoezi ya kutembea kwenye mashine. Baadhi ya wake hawakuwepo, baadhi walitazama tu, na baadhi walipandishwa wao wenyewe wakatembea dakika 3 kwa kasi ya waume zao. Waliotembea ndio walioamini kwa hakika kwamba moyo wa mume unaweza kuhimili shughuli. Wale wengine waliendelea kumwona dhaifu. Hao hawakuwa wagonjwa wa upasuaji, lakini hofu ya mwenza ni ileile, na dawa yake iligeuka kuwa miguu ya mwenza mwenyewe.

Jikoni kuna kosa jingine. Anayetumia wafarini huambiwa awe mwangalifu na mboga za majani kwa sababu zina vitamini K inayopingana na dawa, na nyumbani ujumbe unafika ukiwa umegeuka marufuku: hakuna tena mchicha, matembele wala kisamvu. Kinachotakiwa ni kiasi kisichorukaruka. Anayekula mchicha mara tatu kwa wiki aendelee hivyohivyo, na dozi ipangwe kwa kipimo cha damu cha INR akila vile anavyokula. Hatari iko kwa anayeacha mwezi mzima kisha akala sahani kubwa tatu msibani, au anayeongezewa dawa ya mitishamba na shangazi bila daktari kujua. Mpishi ndiye anayeshika usukani hapo, awe mke, mume au binti wa kazi.

Tendo la ndoa halitajwi wodini, na wanandoa hawaulizi. Kwa kawaida, baada ya wiki 6 hadi 8, mgonjwa anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kubanwa na pumzi anaweza kurudi faraghani, akiepuka kuuegemeza mwili mikononi mwanzoni. Kuna onyo moja lisilo na mjadala: anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asiguse vidonge vya nguvu za kiume, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla. Vidonge hivyo vinauzwa madukani bila maswali, na ndiyo sababu wanandoa wote wawili wanapaswa kuambiwa, tena kwa lugha isiyozunguka.

Mapendekezo ni machache. Fomu ya kulazwa iwe na nafasi ya jina na simu ya atakayemuuguza nyumbani, tofauti na ya anayelipa. Kabla ya kuruhusiwa, mwenza aoneshwe kidonda, apime mapigo kwa mkono wake, na ataje mwenyewe dalili za kumrudisha mgonjwa haraka: homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, mfupa wa kifua unaolia, miguu inayovimba huku uzito ukipanda kilo 2 ndani ya wiki. Na siku hiyo ya mwisho watembee wote wawili, ukumbi mzima na ngazi, muuguzi akiwa nyuma yao.