Kabla hujauza ng'ombe wa baba: maneno ya Ilembo kuhusu vyuo vya nje

Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda. Waliokosa kikao waliomba yaandikwe, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.



Leo siongelei katiba wala tume ya uchaguzi. Hayo mnayajua na tutayarudia. Nataka tuongelee yale matangazo yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka. "Soma nje, scholarship asilimia 50, nafasi zimebaki chache." Nani hajayaona? Sawa, naona mko kimya.

Swali langu ni moja: huyo anayekuletea fomu anakula wapi?

Maana anakwambia huduma ni bure, au hela ya fomu tu. Ana ofisi, ana suti, ana gari la kuja mpaka Katavi. Jamani, hafanyi hivyo kwa kukupenda. Chuo cha nje kikipata mwanafunzi kupitia kwake kinampa kamisheni, kwa kawaida asilimia fulani ya ada ya mwaka wa kwanza. Siyo siri na siyo jinai, ni biashara ya dunia nzima. Lakini tuielewe: huyo ni muuzaji, siyo mshauri wako. Akiwa na vyuo vitano vinavyomlipa, cha sita ambacho ndicho kinakufaa hatakutajia. Na mwaka wa pili ada ikikushinda, yeye chake alishakula.

Kwa nini vyuo vinatutafuta hivi? Chukua Uingereza. Mwanafunzi mwenyeji ada yake imewekewa ukomo na serikali, kwa miaka mingi ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka. Mgeni hana ukomo, anaweza kutozwa mara mbili au zaidi. Pengo la bajeti ya chuo linazibwa na mgeni. Kwa hiyo barua ikisema "tunafurahi kukupokea", ni kweli wanafurahi. Kisha siasa za kwao zikigeuka unayeumia ni wewe. Januari 2024 Kanada ilitangaza ukomo wa vibali vya wanafunzi wa nje, na mwezi huohuo kiasi cha hela ya kujikimu unachotakiwa kuonyesha kikapanda kutoka dola 10,000 za kwao hadi 20,635. Aliyekuwa ameshauza shamba kwa hesabu ya zamani afanyeje?

Sasa hiyo "scholarship". Mnadani kwetu mtu anakutajia shati elfu thelathini ili akuachie kwa kumi na tano, na wewe unaondoka unacheka. Kama kila anayejaza fomu anapata punguzo la nusu, basi hiyo nusu ndiyo bei yenyewe. Scholarship ya kweli ina ushindani, ina watu wanaokosa.

Mimi hili silisomi kwenye magazeti tu. Mtoto wa baba yangu mdogo alipelekwa na wakala mmoja, sitamtaja. Baba mdogo aliuza ng'ombe wanne na mpunga wote wa msimu ule. Kijana anafika kule, anaonyeshwa kwa maandishi madogo kwamba punguzo ni la mwaka wa kwanza tu, na hosteli haimo. Wakala akipigiwa simu haipokelewi. Kijana alirudi katikati ya mwaka wa pili, hana cheti. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa miezi minane alikuwa anatuma picha nzuri tu, amesimama mbele ya jengo la chuo, kwa sababu alimwonea baba yake huruma.

Sisemi msiende. Wapo waliosoma nje wakarudi madaktari na mainjinia, tunajivunia. Na wakala siyo lazima awe mwizi. Ila wengine wanatumia jina la masomo kwa kitu kingine kabisa. Mabinti nisikilizeni hapa: mwaka 2024 waandishi wa habari walifichua mpango wa Alabuga huko Tatarstan, Urusi, uliotangazwa kama kazi na mafunzo kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22. Wasichana kutoka Uganda na nchi nyingine za Afrika walijikuta kiwandani wakiunganisha droni za kivita. Na mnakumbuka Machi 2022, vijana wetu walivyokwama Sumy, Ukraine, mabomu yanalia. Vita hakuna aliyekupangia, lakini ukikwama, jua ni nani atapokea simu yako.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Inatoa pia barua ya kutokuwa na pingamizi kabla hujaondoka, na ndiyo itakayoitambua digrii yako ukirudi, au kuikataa. Kwa hiyo ukiambiwa "hata kama huna principal pass mbili tutakupitisha", simama hapo hapo.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Orodha ipo mtandaoni, maonesho ya vyuo yanafanyika Mnazi Mmoja, Dar. Mzazi wa Ilembo asiye na simu janja apande treni mpaka Tabora, aunganishe, aende kuuliza? Tunadai orodha hiyo ibandikwe kila ofisi ya kata matokeo yanapotoka. Tunadai wakala alazimishwe kumwambia mzazi kwa maandishi analipwa kiasi gani na chuo. Na mikopo ya bodi iwatoshe watoto wa wakulima, maana wengi hawakimbilii nje kwa tamaa, wamekosa mkopo wa kusoma hapa. SUA wana kampasi ya Mizengo Pinda hapo Mpimbwe, mkoani kwetu, lakini bila mkopo hata Mpimbwe ni mbali.

Jumamosi saa nne tutakuwa ofisi ya chama. Mwenye barua ya chuo aje nayo, barua yenyewe, siyo picha ya WhatsApp. Bando nitaweka mimi, tutafungua tovuti ya TCU pamoja, jina la chuo kwa jina la chuo. Aje na mzazi.