Kibarua wa Miaka Miwili: Kazi za Mombasa na Pwani Zimebadilika Vipi



Vijana wenzangu, kabla sijaanza naomba kila aliyefanya kazi wiki hii anyooshe mkono. Kazi yoyote, hata ya siku moja. Naam, ni wengi. Sasa aache mkono juu yule ambaye ana karatasi ya mkataba nyumbani. Wawili. Na mmoja namwona anacheka, sijui kama ni kweli.

Basi hayo ndiyo mazungumzo yetu leo. Kila tukikaa baraza tunasema Mombasa hakuna kazi. Mimi nasema kazi zipo, si za kutosha, lakini zipo, ila zimebadilika sura. Kazi ambayo mzee wako aliifanya akiwa na barua ya ajira, wewe unaifanya ile ile, geti lile lile, ukiwa kibarua.

Mombasa kwa eneo ndiyo kaunti ndogo kabisa kati ya zote 47, lakini Pwani nzima inaiegemea. Kijana wa Kwale, Kilifi, Tana River, mambo yakimshinda kwao anavuka feri au anapanda matatu anakuja hapa. Na huko kwao mambo yamewashinda wengi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988. Kiwanda cha korosho cha Kilifi nacho kikaanguka, wakulima wakabaki na miti. Juzi tu, Disemba 2024, uchimbaji wa titaniamu kule Kwale ukafika mwisho. Hoteli ndiyo kazi ya msimu: Pasaka ikipita mnaambiwa mpumzike mpaka Julai, na mwaka kama 2014 Waingereza walipoonywa na serikali yao wasije, hata huo msimu haukuja.

Kwa hivyo wote tunakutana bandarini, Shimanzi, Changamwe, Miritini. Na bandari nayo mnajua ilivyoyumba. SGR ilizinduliwa Mei 31, 2017, mwaka uliofuata ikaanza kubeba mizigo, halafu likaja agizo kwamba kontena zinazokwenda bara zipande treni, ushuru umalizwe Nairobi. Aliyeumia si mwenye lori peke yake. Ni dereva, ni tanboi, ni fundi wa tairi, ni mama wa chapati wa Mariakani. 2019 watu wa mji huu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema agizo lile lilikwenda kinyume cha katiba. Septemba 2022 rais mpya, siku ile ile ya kuapishwa, akatangaza kazi ya kuklia mizigo inarudi Mombasa.

Mizigo ikarudi. Lakini kwa ninavyoona mimi, na ninavyosikia kwa wenzangu, waliofutwa wakiwa na mikataba hawakurudi na mikataba. Sasa kuna kampuni, chini yake kuna ajenti, chini ya ajenti kuna mtu mwenye simu anayekupigia usiku kukwambia kesho kuna meli. Ukiumia, kampuni inasema hatukujui. Ajenti anasema mimi ni wa kuita watu tu.

Nami nimepitia. Nilifanya godauni moja kule Shimanzi miaka miwili na miezi saba, kupakia na kupakua. Kila Jumamosi nalipwa. Na kila mwisho wa mwezi tunaambiwa, "nyinyi pumzikeni siku mbili." Wallahi mimi nilidhani ni huruma, mgongo upoe. Kumbe zile siku mbili ni za kuvunja hesabu, ionekane kila mwezi mimi ni mtu mpya. Siku niliyoambiwa nisirudi sikulipwa hata shilingi ya notisi, na sikuuliza, kwa sababu sikujua kuna la kuulizwa.

Liko. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37. Nitaieleza polepole, na anayetaka aandike.

Kwanza, kibarua ni nani? Kwa sheria ile, ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Basi. Anayelipwa kila Jumamosi kwa kazi ya wiki nzima, huyo tayari ana swali la kumuuliza bosi. Pili, kibarua akifanya siku za kufuatana ambazo zikijumlishwa zinatimia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi 3, sheria inamhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Huyo hafukuzwi kwa simu. Anapewa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Na katika kuhesabu, siku yako ya mapumziko ya wiki na sikukuu za serikali zinaingia ndani, hazikatwi. Tatu, akipitisha miezi miwili, anapata haki zile zile ambazo angepata kama asingeanza na ukibarua: likizo, ruhusa ya ugonjwa, na kwa dada zetu likizo ya uzazi.

Na hapa sikilizeni vizuri, dada zangu wa EPZ hasa. Kazi ikifika miezi 3, mkataba lazima uwe wa maandishi, na wa kuuandika ni mwajiri, si wewe. Mkifika mahakamani naye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye.

Najua mnachotaka kuniambia. "Bro, nikisema hivyo kesho sipigiwi simu." Kweli kabisa. Sitasimama hapa niwadanganye kwamba utamsomea msimamizi kifungu cha 37 pale getini naye akutengenezee chai. Ndiyo maana sisemi mwende mkagombane. Nasema mwandike.

Neno lenyewe kibarua mnajua limetoka wapi? Ni barua ndogo, kile kikaratasi mtu wa kazi ya siku alichopewa. Yaani zamani kibarua alikuwa na karatasi mkononi, wewe wa leo una jina la karatasi bila karatasi! Na wazee wa mtaa huu hawakukaa kimya. Januari 13, 1947 mji mzima uligoma, makuli na wafanyakazi wengine, watu kama 15,000, na walikuwa wakikutania hapa hapa Majengo, uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Miaka iliyofuata, bandari ilianza kuwasajili makuli na kuachana na kuchukua watu wa siku. Sasa tunarudishwa kule kule, kwa mlango wa ajenti.

Kwa hivyo daftari. Daftari la shilingi ishirini linatosha. Andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, namba ya lori au kontena, msimamizi alikuwa nani, umelipwa ngapi. Ile mesej ya M-Pesa usiifute. Ikiwa kila Jumamosi ni namba ile ile imekutumia, miezi kumi, huo ni ushahidi mzito kuliko maneno ya mashahidi watatu. Pasi ya geti ipige picha. Mkiwa watano kazi moja, watano waandike, kila mtu kwa mkono wake, msinakiliane. Zile siku mbili za "pumzika" nazo ziandike, na aliyekwambia ni nani.

Siku ukiachishwa, usikae miaka ukisema inshallah nitaona. Dai la kazi lina muda wake, miaka 3, ikipita mlango umefungwa, hata kama haki ni yako. Afisa wa leba yuko hapa mjini na kupeleka malalamiko kwake hakuhitaji wakili. Akishindwa kuwapatanisha, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, nayo inakaa hapa hapa Mombasa. Kuna watu wa godauni na viwanda waliokwenda wakalipwa. Kuna waliokwenda wakashindwa pia, na mara nyingi ni kwa kitu kimoja: hakimu aliuliza tarehe, wakasema "ilikuwa kama mwezi wa nne hivi."

Mwenzetu pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu, nafikiri ni swali la ajenti. Nitaanza na lake. Daftari na kalamu ziko mezani karibu na mlango, wapitishieni na kina dada upande ule, halafu tuendelee.