Minyoo ya Tumbo na Wasafiri Wetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Kapsoit



Tumetakiwa kusema machache juu ya jambo ambalo watu huona haya kulitaja hadharani, nalo ni minyoo ya tumbo. Twaomba radhi kwa wazee, maana hatuwezi kulieleza bila kutaja choo.

Kila mwaka Chama hiki hukusanya fedha za kuwasindikiza vijana waendao ng'ambo: huyu Marekani kusoma au kukimbia mbio, yule nchi za Ghuba kutafuta kazi. Fedha hizo twaziita michango. Na Kiswahili, kwa mzaha wake, chawaita minyoo wa tumboni michango vilevile. Basi kijana aweza kuondoka na michango ya namna mbili, na hii ya pili haiandikwi katika daftari la Mweka Hazina.

Asidhani mtu kwamba ni aibu ya Kapsoit peke yake. Shirika la Afya Duniani lahesabu watu wapatao bilioni moja na nusu wenye minyoo wapatikanao udongoni. Lakini nchi yetu ya majani ya chai ina mvua nyingi na udongo wenye unyevu, na yai la mchango hupenda udongo wa namna hiyo. Mchango mmoja wa kike hutaga mayai yapata 200,000 kwa siku. Serikali ilianza mwaka 2009 kuwapa watoto dawa shuleni, na kuanzia 2012 kazi hiyo ikapanuliwa katika kaunti nyingi, Kericho na Bomet zikiwamo. Kidonge kile cha albendazoli huua mchango vizuri. Yuko mnyoo mwingine, hata hivyo, asiyeondoka kwa kidonge kimoja, naye ndiye hasa aliyetusimamisha hapa leo.

Madaktari humwita strongiloidi. Urefu wake haufiki milimita tatu. Huingia kwa ngozi ya mguu usio na kiatu, katika udongo uliochafuliwa kwa choo, kama aingiavyo safura. Mayai ya mchango hayana budi kutoka nje na kukaa udongoni majuma kadhaa kabla ya kumdhuru mtu. Kwa hivyo msafiri akiisha kuiacha nchi yake, michango yake huzeeka na kufa katika mwaka mmoja au miwili. Strongiloidi hana haja ya udongo tena. Watoto wake huanguliwa tumboni mle mle, na baadhi yao hutoboa utumbo, au ngozi iliyo karibu na njia ya haja, wakaanza safari upya katika mwili ule ule. Mwenyeji mmoja humtosha yeye na uzao wake maisha yote.

Wazee wanazikumbuka habari za askari wa Keya waliopelekwa Burma mwaka 1944. Katika pande hizo hizo Wajapani waliwalazimisha mateka wa Kiingereza kujenga reli ya kutoka Thailand hadi Burma, mwaka 1942 na 1943. Mateka hao walirudi kwao kwenye baridi. Wengi wao walipopimwa huko Liverpool kati ya 1968 na 2002, yapata 12 katika kila 100 walikutwa wangali na mnyoo huyu. Karibu zaidi na sisi, vijana wa Sudani waliokaa kambini Kakuma walipelekwa Marekani mwaka 2000 na 2001. Damu yao ilipopimwa baadaye, karibu nusu yao walionyesha dalili za strongiloidi, na karibu nusu dalili za kichocho.

Mtu aweza kukaa naye miaka mingi pasipo kuugua, ila kuwashwa ngozi au kuumwa tumbo kidogo. Hatari huja siku apewapo dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, zitolewazo kwa pumu na maradhi mengine mengi. Mwaka 2020 dawa hiyo ya deksamethasoni ilianza kutumika duniani kote kwa wagonjwa mahututi wa korona, na madaktari wakaandika kuwaonya wenzao juu ya jambo hili. Dawa hizo huupunguzia mwili nguvu za kujilinda. Minyoo huzaana bila kizuizi, huenea mapafuni na hata ubongoni, wakichukua vijidudu vya utumbo na kuvitia damuni. Wafikao hali hiyo wengi hufa. Daktari wa ng'ambo, ingawa ni mjuzi kabisa, huona homa na kikohozi tu. Hana sababu ya kuuliza kama mgonjwa alitembea miguu mitupu shambani miaka 20 iliyopita. Na dawa yenyewe ipo, vidonge vya ivermektini, endapo mtu ametambuliwa mapema.

Tusiwasahau wanaorudi Desemba na watoto waliozaliwa huko. Hawa hawajihadhari, kwa kuwa nyumbani ni nyumbani. Mtoto hunywa maji ya mtoni yasiyochemshwa, akarudi na giadia, yaani kuhara kwa majuma kadhaa kwenye harufu mbaya. Au hupelekwa Kisumu kuogelea ziwani, akaleta kichocho. Tumesikia wakisema kwamba maji ya kwetu hayajamdhuru mtu. Yamewadhuru wengi, ila hawakupimwa.

Kwa hayo Kamati yaomba mkutano ukubali mambo mawili. Kwanza, kila msafiri asaidiwaye na Chama apimwe choo hospitalini kabla ya kuondoka, na amwulize daktari habari za strongiloidi kwa jina, kwa sababu kipimo cha kawaida cha choo mara nyingi hakimwoni. Pili, achukue pamoja na pasi yake karatasi itakayoandikwa na karani kwa Kiingereza, isemayo kwamba mwenye karatasi hii alikulia katika nchi ya minyoo, na kwamba apimwe kabla ya kupewa steroidi. Nakala za karatasi hiyo ziko mezani kwa Mwandishi, na wenye watoto walioko ng'ambo tayari waweza kuzichukua leo wakawapelekee.